Nani Atamwandika Mlinzi

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mimi. Ukikaa pale, nyuma yako unasikia mkasi wangu, na mbele unaliona jengo la ghorofa mbili lililozungushiwa mabati. Ghorofa ya juu kulikuwa na kiwanda cha kushona sare. Mwaka jana, mchana kweupe, kiliungua, na mlango wake ulikuwa na kufuli kwa nje. Tangu hapo mabishano ya mpira yamepungua hapa. Kahawa naichemsha mimi, naitoa nje kwenye chupa, kila mtu na kikombe chake. Wa kudumu ni watatu. Shangazi Pindo alikuwa mshonaji mle. Siku ile aliamka na homa akabaki nyumbani, mdogo wake, naye mshonaji, akaenda. Mzee Koma alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji mpaka akastaafu, na mkwewe ndiye aliyekuwa mkata vitambaa. Chaji anatengeneza simu hapo kona. Kaka yake alipandisha marobota ya vitambaa asubuhi ile, hakushuka.

Habari ya riwaya aliileta Shangazi Pindo. Alibandika karatasi kwenye kioo changu: Natafuta wenzangu tuandike riwaya pamoja. Sharti ni moja, uwe ulimpenda mtu aliyekuwa mle ndani. Watu walikuja. Mmoja alitaka kujua kwanza picha ya nani itakaa kwenye jalada. Mwingine alileta mashairi ya mapenzi, akayasoma yote huku mteja wangu ana sabuni shavuni. Mwisho wakabaki hawa wenzake wa benchi, ambao tangazo lenyewe hawakuwa wamelisoma, kwa kuwa wanakaa wameligeuzia mgongo.

— Lakini kwa nini riwaya, Shangazi? Chaji alimuuliza siku moja. Si ripoti ya tume ya uchunguzi ilishatoka?

— Nimeisoma. Mdogo wangu ana mstari mmoja. Mwanamke, mshonaji, moshi.

— Sasa wamekosea wapi?

— Hawajakosea. Ila yule alikuwa anaimba akitunga uzi kwenye sindano. Akilikosa tundu anatukana, halafu anaendelea na wimbo palepale alipouachia. Hilo tume wataliweka wapi?

Mzee Koma akatikisa kichwa.

— Basi liandike, mwanangu. Wewe ndiye unayemjua.

— Nimejaribu, Mzee. Shida ni hao wengine. Nikimwandika mkweo, anaongea kama mdogo wangu. Nikimwandika kaka yake Chaji, naye anaanza kuimba.

Chaji akacheka, kicheko kikamkatikia njiani.

— Kaka kuimba? Kaka hata kupiga mbinja alikuwa hajui.

— Ndiyo maana nawataka.

Wakakubaliana kila mtu aje na wa kwake, Shangazi awaunganishe. Mzee Koma akaonya kwamba kitabu cha watu wengi ni kazi.

— Wahenga walishasema, akadakia Chaji, manahodha wengi chombo huenda mbio.

— Huenda mrama.

— Si ndiyo hivyo, Mzee. Mrama, mbio, muhimu chombo kinakwenda.

Wiki zile zilikuwa nzuri, kama naruhusiwa kusema hivyo. Asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, waliketi wakasomeana. Mkwe wa Mzee Koma aliingia kwenye karatasi akiwa amenyooka mno, kila sentensi imepigwa pasi, hadi Shangazi akamuuliza Mzee kama mkwewe hakuwahi hata kupiga chafya. Kesho yake Mzee akaja na ukurasa ambao kijana anamficha mama mkwe kipande cha nyama ndani ya leso. Alipofika kwenye leso akampa Shangazi amalizie. Chaji hakuandika. Alijirekodi kwenye simu, mimi nikasikiliza naye mara mbili tatu. Kwenye sauti ile alikuwa anagombana na kaka yake juu ya shati. Anajibu pande zote mbili, na kaka ndiye anashinda.

Walikwama mlangoni. Kila mtu alikuwa amemfikisha wa kwake hadi saa ya moto, na kila mmoja akakuta kufuli. Ikabidi waamue nani alilifunga, na kwa nini hakulifungua.

— Mlinzi wa pale mlangoni, akasema Chaji. Huyo ndiye adui wa kitabu. Riwaya haina adui, ya nini sasa?

— Amri ya kufunga ilikuwa ya tajiri, akasema Shangazi. Alihofia vitambaa vitatoka. Mlango ulikuwa unafungwa hivyo kila siku.

— Amri ya tajiri, mkono wa nani? Mimi nasema alikuwa amelewa. Kalala chini ya ngazi, anakoroma, wenzake wanagonga.

Mzee Koma akasogeza kikombe.

— Mlevi ni mwepesi mno kwa kitabu. Nimesahihisha hadithi nyingi za namna hiyo. Mtu huyu alitumwa. Tajiri alikuwa na mashine chakavu, akataka zibaki majivu, bima imlipe mpya. Akamwambia mlinzi, ukisikia kelele, wewe usisikie.

— Hapo sasa, akasema Chaji. Halafu usiku akapewa nyumba. Ana nyumba mahali, nakwambieni. Ana na mke mwingine huko, na jina jingine.

— Chaji, mtu amekufa, akasema Mzee. Alikutwa kwenye ngazi siku ileile.

— Nani alimwona uso? Wewe ulimwona? Wanaweza kuwa wamezika mtu mwingine, yeye anakula maisha. Lisemwalo lipo.

— Na kama halipo laja, akamalizia Mzee.

— Na kama halipo tunalileta sisi. Si sisi ndio waandishi?

Nilidhani Shangazi atamkemea. Badala yake alikunja karatasi zake magotini, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye amekuwa akimwota. Kwenye ndoto mlinzi amesimama nyuma ya mlango, anausikia wimbo wa mdogo wake, na hafungui kwa kuwa anataka kuusikiliza mpaka uishe.

— Huko ndiko nataka kumweka, akasema. Asimame asikilize. Asifanye kitu kingine kitabu kizima.

Hata Chaji aliona hapo pametosha.

Mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni kwangu muda wote huo. Nilimwona anaingia, akatazama kioo, nikadhani anaangalia ushungi wake. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa koti la wafanya usafi wa ofisi. Alitoka taratibu akasimama mbele ya benchi.

— Hamjambo. Nimekuja kwa ile karatasi.

— Hatujambo, karibu mama, akasema Shangazi. Sharti umelisoma?

— Nimelisoma.

— Ulikuwa na nani mle?

— Mume wangu.

— Pole sana, akasema Mzee Koma, akajaribu kuinuka kumpisha. Tupe pole na sisi. Alikuwa kitengo gani? Kushona, kukata?

— Mlangoni.

Mzee alibaki nusu amesimama, mkono kwenye ukuta. Chaji alikitazama kikombe chake kama kuna kitu kimeangukia ndani. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya kahawa, nikajikuta sijui nimmiminie au nisimmiminie.

— Umesikia tuliyokuwa tunasema, akasema Shangazi Pindo. Hakuwa anauliza.

— Nimesikia. Nimezoea. Sokoni wanasema, na nilikopanga walisema hadi nikahama. Sikuja kugombana, dada yangu.

— Umekuja kutaka nini?

— Wewe umeandika tuandike pamoja. Na mimi nilimpenda.

Chaji akainua uso.

— Mama, kaka yangu alikuwa nyuma ya ule mlango.

— Najua, baba. Nimekujua, unafanana naye. Alikuwa anamletea mume wangu sigara, wanavuta wote pale chini, halafu anapanda.

Chaji hakulijua hilo. Ilionekana.

— Ripoti nimesomewa na binti yangu, akaendelea yule mama. Na mume wangu ana mstari mmoja. Mwanamume, mlinzi, ngazini, ufunguo mkononi. Nikamwambia binti arudie. Nikamwambia arudie tena. Nilikwenda ofisini kwao, wakaniambia uchunguzi umefungwa. Sasa nimewasikia hapa mnajua mengi. Mnajua alilewa, mnajua alitumwa, mnajua alisikiliza wimbo. Mimi nina swali dogo tu.

Akamtazama Shangazi.

— Pale ngazini, alikuwa anapanda au anashuka?

Gari la maji lilipita kwa kelele. Mzee Koma alivua miwani, akaifuta, hakuivaa. Chaji aliliangalia lile jengo, macho yakapanda kufuata mahali ngazi zilipokuwa, yakashuka, yakapanda.

— Hatujui, akasema Shangazi Pindo.

— Hata mimi sijui. Nikilala namwona anashuka, nikiamka namwona anapanda. Niandike lipi?

Shangazi alishika zile karatasi kwa mikono miwili. Ile ya juu kabisa ilikuwa na mlinzi wake, yule asiyefungua. Nikajua sasa atamfukuza, na nisingemlaumu. Kisha akaunyanyua mkoba wake kwenye benchi, akaupakata.

Yule mama akakaa.