Dakika Nne za Kipa

KAMIKAZI: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

GAKWAYA: Gakwaya. Perezida wa klabu yako.

KAMIKAZI: Ee, Perezida! Mwiriwe. Habari za—

GAKWAYA: Habari iko mbaya. Futa ile video.

KAMIKAZI: Video gani?

GAKWAYA: Usinichezee. Mechi ya akina mama jana, sisi na Gikondo. Refa anasimamisha mpira, kipa wetu anatoka golini, anakaa chini, ananyonyesha! Timu mbili zimesimama kama nguzo za umeme!

KAMIKAZI: Dakika nne tu. Mtoto alikuwa analia. Vitalis akapuliza filimbi, hata Gikondo walikubali. Tena walimpigia makofi aliporu—

GAKWAYA: Ukaweka mtandaoni! Na jina la klabu juu!

KAMIKAZI: Si wewe uliyesema, "Kamikazi, umesoma darasa la jioni, tutafutie watu kwenye simu"? Miezi sita naposti picha zako na jezi mpya. Wanalaiki watu kumi na mmoja, mmoja mke wako. Hii imeangaliwa mara elfu arobaini.

GAKWAYA: Wanatucheka!

KAMIKAZI: Wanaomba kujiunga! Kumi na tisa mpaka sasa. Mmoja anauliza kama mapacha wanaruhusiwa.

GAKWAYA: Futa. Usipofuta, Jumapili uwanja nawapa maveterani.

KAMIKAZI: Wape. Tutacheza kwenye uwanja wa gereji ya Théoneste, na hiyo nitaiposti.

GAKWAYA: Basi nipe neno la siri.

KAMIKAZI: Nimelibadilisha asubuhi.

GAKWAYA: Unathubutu—

KAMIKAZI: Nathubutu. Nina mtoto wangu mgongoni hapa, unamsikia? Nilipojifungua mlisema mpira kwangu basi. Mimi sikusema basi.

GAKWAYA: [mtandao unakwaruza] …wengine wote, kwa nini umchukue yeye?

KAMIKAZI: Sema tena, unakatika.

GAKWAYA: Kwa nini yeye?

KAMIKAZI: Kwa sababu anadaka. Nyumbani Aidah ni binti yako, Perezida. Golini ni wetu.

GAKWAYA: Aliniaibisha. Mimba, bila mahari, bila hata—

KAMIKAZI: Ukamfungia mlango. Begi lake nililibeba mimi mpaka Batsinda. Haloo? Uko?

GAKWAYA: Niko. Pale kwenye video mtoto anapogeuka… ana nywele nyingi, sha.

KAMIKAZI: Umeiangalia mara ngapi?

GAKWAYA: Nimesema futa! Ni wa kiume?

KAMIKAZI: Sifuti. Jumapili saa tisa tuko uwanjani. Umwulize mama yake.

GAKWAYA: Ufunguo wa geti ninao mimi.

KAMIKAZI: Najua. Na usimtume mtu. Uulete mwenyewe.

GAKWAYA: Kamikazi, uniti zinaisha— jina je? Wamemwita na—

KAMIKAZI: Haloo? Perezida?