Pindo la Bendera

Mwaka wa 1912, Mwinjuma bin Saidi aliuza kahawa nyuma ya stesheni ya Morogoro, na wateja wake walikaa juu ya gogo la mvule lililoachwa na wajenzi wa reli. Hatua sitini kutoka hapo lilikuwapo ghala la zamani la pamba. Humo Wazungu walicheza tenisi ya kale, ya ndani ya kuta nne, siyo ile ya uwanjani iliyochezwa bomani, kwenye ofisi za serikali ya Wajerumani. Mwenye ghala, mlowezi mmoja, watu walimwita Bwana Kengele, kwa kuwa ukutani aliweka kidirisha chenye kengele. Mpira ukiingia humo kengele hulia, wageni hupiga makofi, na chupa hufunguliwa. Vizibo vya chupa hizo havikutupwa. Vilipelekwa kwa Mikidadi bin Shomari, fundi cherehani, ambaye kijiweni hapo pa kahawa walimwita Sindano. Yeye alivizungushia vitambaa, akavikaza kwa uzi, akavivika blanketi jeupe, vikawa mipira. Kadiri walivyokunywa, ndivyo walivyopata mipira ya kuchezea. Jumamosi moja, saa nane na nusu mchana, Sindano alikuwa amekaa kwenye gogo, amekwisha kuwaeleza wenzake mkasa wake mara moja.

— Sema tena, alisema Dadi Reli, Mnyamwezi aliyetandika reli kutoka pwani hadi hapo. Sema polepole, ili tukilia tujue tunalilia nini.

— Boma walinipa bendera niitengeneze. Ncha yake ilikuwa imeliwa na upepo. Nikakata pindo bovu, nikakunja jipya.

— Mpaka hapo hujakosa.

— Amri ni kwamba kipande kilichokatwa kirudi bomani, kichomwe moto mbele ya askari. Mara tatu nimerudisha. Mara hii Bwana Kengele alikuwa ameleta vizibo ishirini, na vitambaa vilikuwa vimeniishia.

Mwinjuma aliacha kumimina.

— Ukalitia pindo ndani ya mipira.

— Nililichana vipande. Nilisema, nani atapasua mpira aangalie tumbo lake? Jumamosi iliyopita nilipeleka kapu la mipira, nikasimama mlangoni, mpira mmoja ukapasuka. Bwana Kengele akauokota, akavuta kitambaa chekundu, akakitazama.

— Akasema nini?

— Hakusema. Alicheka, akakitia mfukoni, akaendelea kucheza. Jana mtumishi wake akaja: kesho saa tisa, njoo na sindano, uzi na mkasi. Wageni wapo, na bwana mkubwa wa boma yupo.

— Hiyo ni hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, alisema Dadi. Wahenga hawakukosea, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na kiboko nacho ni haba na haba, hujaza kibaba.

— Dadi, mwenzio ana hofu, alisema Mwinjuma.

— Mimi Mnyamwezi, yeye Mluguru. Nisipomtania mimi, kaburi lake atachimba nani?

Mikidadi alijaribu kucheka, akashindwa. Alimgeukia Severini, seremala wa misheni ya Matombo. Huyu ndiye aliyejenga vile vipaa vya mteremko kandokando ya kuta za ghala, ambavyo juu yake Wazungu hurusha mpira uviringike kabla ya kuupiga, naye aliujua mchezo wenyewe.

— Severini, alicheka. Mtu akicheka si amesamehe?

Severini alifikiri sana, kama mtu anayepima ubao.

— Sitaki kukudanganya. Katika mchezo wao, mpira ukidunda mara mbili, mara nyingi aliyeukosa hahesabiwi kosa papo hapo. Mahali ulipodunda panatiwa alama, nao wanaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Baadaye hubadilishana pande, na mahali palepale hugombewa upya.

— Kwa hiyo kosa langu?

— Limetiwa alama.

Mikidadi aliweka kikombe chini. Tangu jana alikuwa akikisikia kile kicheko sikioni mwake, na sasa alikielewa.

— Mimi sioni kiboko, alisema Mwinjuma. Kiboko ni cha wezi wa kuku. Huyu atafungwa mnyororo mpaka pwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamekuja, na mwenyeji atapona kwa kuondolewa.

— Hata mnyororo ni mdogo kwake, alisema Dadi. Tulipokuwa tukijenga daraja niliambiwa kwamba Kaisari ana kipimo cha kila bendera. Ikipungua kidole kimoja, nchi nayo imepungua kidole. Sindano amemkata Kaisari kidole. Sasa watampeleka Ulaya kwa meli, akakishone mwenyewe.

— Nitakimbilia milimani, kijiji cha Bunduki, kwa mjomba, alisema Mikidadi.

— Ukikimbia watamchukua Mwanaasha, alisema Severini.

Mwanaasha alikuwa mke wa Mikidadi. Dadi akajipiga paja.

— Kilichoonekana ni chekundu tu?

— Chekundu tu.

— Nyekundu siyo bendera. Nyekundu iko kila duka la Mhindi. Useme ni kanga kuukuu ya mkeo. Haya, mimi ndiye bwana mkubwa. Fundi, hiki nini?

— Kanga ya mke wangu, bwana.

— Mbona mbiombio? Msema kweli huanza kwa kukohoa.

Mikidadi akakohoa, akarudia, na safari hii ikatoka vizuri hata Severini akaitikia kwa kichwa. Mwinjuma akamjazia kikombe. Kwa mara ya kwanza tangu jana fundi alisikia utamu wa kashata.

Hapo akatokea Theresia, mkulima wa Mgeta, na kapu tupu kichwani. Alikuwa ametoka kupeleka kabichi jikoni kwa Bwana Kengele.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Huko ndani vipi?

— Kuna keki, na wanawake wa Kizungu na kofia zao kama viota. Mipira yote imepangwa mezani. Bwana anaisifu kwa wageni, kwamba imeshonwa na fundi wa hapahapa Morogoro. Anamngoja aje aipasue michache mbele yao, waone alivyoisokota ndani, kisha aishone tena.

Dadi alisimama.

— Kumbe ni sifa. Sindano, unaitwa kusifiwa, nasi tumekwisha kukulilia.

— Tena na kanga ya Mwanaasha ipo tayari, alisema Mwinjuma.

Theresia aliuliza kanga gani, wakamweleza habari ya pindo, wakicheka na kukatizana maneno. Yeye hakucheka. Aliitazama bendera ikipepea juu ya boma, chini ya mlima: nyeusi, nyeupe, nyekundu.

— Pindo lilikuwa na rangi zote tatu, na nyekundu imekwisha kutoka, alisema. Na nyeusi, fundi, uliitia katika mpira upi?

Dadi alikaa. Mwinjuma aliinamisha birika, likatoa matone mawili na machicha. Mikidadi alifumba macho aikumbuke mipira yake, mmoja mmoja, mezani kando ya keki. Yote ilikuwa myeupe, yote uzito mmoja, na mishono imefichwa hata yeye mwenyewe asiweze kuitofautisha. Ndiyo iliyokuwa sifa ya kazi yake.

Ghalani kengele ililia, wageni wakapiga makofi. Ilikuwa saa tisa. Mikidadi akachukua mkasi.