Mtabiri Aliyeiogopa Mvua Isiyowahi Kunyesha

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wa ofisi ya hali ya hewa mlioweza kufika, familia imemtuma mdogo wa mwisho wa marehemu, ndiye huyu mnayemsikia, asome maisha ya dada yake, naye ameombwa asome polepole na asilie, la kwanza ataliweza, la pili tutaona.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1968, katika nyumba ya vyumba viwili kwenye kona ya mto, mtoto wa pili wa fundi wa kuezeka mabati na mama aliyefulia watu nguo, na katika nyumba ile mvua ilikuwa habari ya tumbo, kwa sababu ikinyesha baba hapandi paa la mtu, na nguo za mama hazikauki. Tangu akiwa mdogo alikuwa akitazama juu, akipaza sauti, "Anueni! Anueni!" kabla tone la kwanza halijaanguka, na siku nyingi alipatia, lakini siku nyingine jua liliwaka mpaka jioni, mama akaanika upya huku akinung'unika, "Wewe mtoto, utaniua na kuanua kwako." Ndipo jina la Anua likamganda, hata wakubwa wake wa kazi wakamwita Bi Anua, na wengi wenu hapa hamjui kama alikuwa na jina lingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akaingia sekondari mwaka 1982, na mwaka 1989 akachaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea fizikia ya anga, jambo ambalo baba alilitangaza mtaa mzima akisema, "Binti yangu anasomea mawingu, mimi naziba yanapovujia." Tarehe 3 Agosti 1992 aliajiriwa katika kituo cha hali ya hewa kando ya uwanja wa ndege, akarusha maputo ya vipimo na kusoma vipima mvua, kisha akaenda nje kwa masomo ya juu, akarudi mwaka 1998 na kuingia kitengo cha utafiti, ambako alibaki hadi mwisho.

Tarehe 5 Desemba mwaka huohuo alifunga ndoa na mwalimu wa shule ya msingi ya pale bondeni, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, na tarehe hiyo aliichagua marehemu mwenyewe baada ya kuchunguza kumbukumbu za mvua za miaka thelathini, na bado ikanyesha hadi wageni wakakimbilia madarasani na viti vichwani, bwana harusi akawatuliza, "Jamani, nimeoa mtabiri, sikuoa mvua." Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2000, ambaye ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa mwaka 2003, ambaye ni fundi umeme, na wote wawili watawaambia walivyobebeshwa mwavuli kiangazi kikikausha hata majani, na walivyokatazwa kukanyaga mto hata ulipokuwa umebaki mchanga.

Kazi yake tuieleze kwa lugha ya nyumbani, kama alivyotueleza sisi. Kompyuta za utabiri huigawa anga miraba miraba, kila mraba ukipewa joto lake, upepo wake na unyevu wake, kisha kanuni za fizikia hukokotoa kitakachofuata, ila zamani miraba ile ilikuwa mikubwa mno, mji wetu, mlima, bonde na mto vikawa nukta moja yenye mvua moja, na marehemu alikuwa akisema, "Kwa hesabu hizi, mlima wetu haupo, na mvua yetu yote inatoka mlimani." Alitumia miaka mingi kuipunguza miraba hiyo hadi mlima ukaonekana, na siku ulipoonekana kwenye skrini alimpigia mama simu kumwambia, mama akamjibu kuwa yeye ameuona tangu azaliwe.

Mwezi Novemba 2019 alipendekeza onyo la mafuriko, likatolewa, shule zikafungwa, wagonjwa wakahamishwa, watu wa bondeni wakapanda mlimani na magodoro, kisha mawingu yakapita kama mgeni aliyekosea nyumba. Alichekwa redioni, alichekwa sokoni, na mama mwenyewe akamwambia, "Nilipandisha kitanda changu kikavu, nikakishusha kikavu." Tangu hapo, hili tulilishuhudia sote, hakuweza kukaa chumba chenye dirisha bila kusimama kila mara kwenda kutazama.

Kisha ukaja mwezi Machi 2023. Ofisi ilikuwa imepata modeli mpya ya akili bandia, iliyojifunza kutokana na hali ya hewa ya miaka arobaini iliyopita, ambayo kwa dakika chache ilitoa jibu ambalo kompyuta kubwa hulitafuta kwa saa kadhaa, nayo ikasema mvua kubwa iliyokuwa ikija kutoka baharini itaelekea kaskazini na kutuacha salama. Modeli ya zamani, ile ya miraba, waliiendesha mara hamsini, kila mara wakibadilisha kidogo hali ya kuanzia ili waone majibu yatatawanyika kiasi gani, na mara nyingi ilikubaliana na mpya, isipokuwa mara saba, ambapo mvua ilisimama juu ya mlima wetu na kukataa kuondoka.

Mkurugenzi, ambaye yupo hapa na ameturuhusu kusema haya, alimuuliza, "Saba kati ya hamsini, Bi Anua? Baada ya mwaka ule?" Marehemu akamjibu, "Mkurugenzi, ungeambiwa breki za gari lako hukataa mara saba kati ya hamsini, ungempakia mwanao?" Hakuidharau ile mashine mpya, yeye ndiye aliyeomba iletwe, lakini yeye na mtafiti kijana aliyekuwa mwanafunzi wake waligundua kwamba joto la bahari wiki ile lilikuwa limepita lolote lililomo katika ile miaka arobaini, akasema, "Tumeifundisha ya jana, ikajua vizuri. Hii ya leo haijawahi kuiona, na wala haijui kwamba haijui."

Onyo likatoka, na kwa ombi lake likasema wazi kwamba huenda mvua isije kabisa. Mama alikataa kutoka, ikabidi shemeji ambebe mgongoni, mama akimpiga mabega njia nzima na kuwaambia wapita njia kwamba anaibwa. Siku ya kwanza jua likawaka. Siku ya pili asubuhi jua likawaka tena, watu wakaanza kushuka kurudi makwao, na marehemu, aliyeshindwa kuondoka ofisini, akawa anapiga simu kwa kila aliyemjua, "Bado, nawaombeni, bado," huku baadhi yao wakikata akiwa katikati ya maneno. Alasiri ile wingu likasimama juu ya mlima, na mto ukaichukua nyumba tulimozaliwa, ukaichukua shule, ukachukua mtaa mzima wa chini, karibu wote tupu.

Karibu wote. Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa amerudi kufunga dirisha la kibanda chake, na hakuonekana tena. Watu walimwita marehemu shujaa, mama akaacha kutaja habari za kitanda, lakini yeye alienda kwa mjane wa fundi, akaketi chini, na mjane ndiye aliyemwambia, "Alikusikia, mwanangu. Alikusikia vizuri. Alidhani imepita." Neno hilo ndilo lililoongoza utafiti wake wa mwisho, kuzifanyisha kazi modeli mbili pamoja, mpya itoe majibu kwa mamia kwa wepesi wake, ya zamani ichunge yale ambayo hayajawahi kutokea, na zaidi ya yote, kutafuta namna ya kumwambia mtu "bado" akiwa anaona jua kwa macho yake. Hili la mwisho alituachia bila kulimaliza.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 2024, shinikizo la damu, kisha moyo, na madaktari walimsihi apumzike, binti akamnyang'anya simu, naye akawa anauliza wageni hali ya anga huko walikotoka. Mwezi Mei 2025 ilionekana lazima apasuliwe, daktari akamtia moyo kwamba katika kila wagonjwa mia, tisini hupona, naye akauliza, "Na wale kumi, daktari, huwa mnawaambia nini?" Daktari akavuta kiti, akakaa, akamweleza kila kitu bila kuficha, na marehemu akamshukuru, akasema sasa anaweza kwenda. Alipasuliwa tarehe 6, akazinduka, akatusalimu mmoja mmoja, na tarehe 9 Mei 2025, saa tisa alasiri, moyo ukasimama.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyevuta kiti, inawashukuru majirani, inamshukuru mjane wa fundi cherehani, aliyelala nasi msibani tangu siku ya kwanza, na inawashukuru wafanyakazi wenzake, ambao nusu yao hawapo hapa, nao wasilaumiwe, wako zamu. Asubuhi hii mtafiti kijana ametuma ujumbe, wameona mvua ikisimama juu ya mlima, mara nne kati ya hamsini, na mkurugenzi ametuomba tuusome hapa kaburini kama ulivyo. Jua linawaka, mnaliona, nasi tunaliona. Wanaokaa bondeni tunawaomba, mkitoka hapa, msishuke leo, nyumba yetu ya sasa, kule juu mlimani, iko wazi, nafasi ipo na mablanketi yapo.

Nenda ukapumzike, dada yetu, kwa ile amani ambayo hapa duniani hukuipata hata siku moja. Dirishani tutasimama sisi.