Santuri Inayoruka ya Walter Odira

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa, mlio Homa Bay na mlio Migori, mlio sokoni na mlio jikoni. Leo tunamkumbuka Walter Odira wa Sindo. Walter Odira, fundi wa injini za boti, aliyetuacha mwezi uliopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Nawaambia mapema: habari yake imenichanganya kichwa. Na aliyenisimulia, mjane wake Dolphine, ambaye sote twamwita Mama Dolphine, amechanganyikiwa kunishinda.

Walter alikuwa na santuri hamsini na mbili za jazi. Hamsini na mbili. Sasa, huku kwetu bendi nyingi za gitaa zilijiita jazi, na watu walimletea hizo kwa moyo mweupe. Alishukuru, kisha akazigawa. Yeye alitaka jazi ya tarumbeta na saksafoni, tena ile ambayo hata walioipiga huenda wameisahau. Santuri iliyotolewa nakala mia mbili, halafu kampuni ikafungwa. Mwaka mmoja alishinda Sori siku tatu akitengeneza injini ya mmishonari, na ujira aliotaka ni santuri moja iliyokuwa rafuni. Tarumbeta, besi na ngoma. Hakuna kuimba. Mama Dolphine, ambaye ni binti wa Sori, ndiyo sababu Walter alimwita Nyar Sori, alimwona akirudi nayo akamwuliza, "Walter, watu wanatoka kwetu na samaki, wewe umetoka na sahani?"

Kando ya hizo, alikuwa na kasha zima la santuri za kwaya. Alizinunua Oyugis siku za soko, bila hata kuzichagua. Mchungaji alimsifu. Mama Dolphine alishangaa, maana kanisani kwenyewe Walter alikuwa wa kubembelezwa.

Jumapili zao zilikuwa hivi. Mume sebuleni na gramafoni yake, mke jikoni na omena wake, wale dagaa wa ziwani. Jazi na Mama Dolphine hawakuwa marafiki. Lakini ile santuri ya mmishonari ilikuwa na kasoro. Ikifika katikati, inaruka. Inarudia palepale, pa-raa, pa-raa, pa-raa, na Walter ameshasinzia kitini. Basi mke anapaza sauti kutoka jikoni, "Walter, sindano!" Walter anaamka, anaisukuma sindano kwa kidole, muziki unaendelea. Ndivyo walivyoishi miaka kumi na mitano.

Sasa nisikilizeni vizuri. Hospitalini, sauti ikiwa imebaki kidogo, Walter alimshika mkewe mkono. Akamwambia, "Nyar Sori, kabla hamjanifunika udongo, nichezeeni ile inayoruka." Kesho yake akafariki. Hilo ndilo lililokuwa ombi lake la mwisho, na mke aliahidi.

Ahadi ni deni. Siku tatu kabla ya mazishi, Mama Dolphine alifungua kabati. Akatoa jalada lenye picha ya tarumbeta. Ndani, santuri ya kwaya. Akatoa lenye picha ya saksafoni. Kwaya. Akatoa la tatu, la kumi, la ishirini. Kwaya, kwaya, kwaya. Akaketi sakafuni.

"Nilishindwa kuelewa," aliniambia. "Nikasema, ameziuza? Na kama ameziuza, basi mimi nilikuwa nasikia nini kila Jumapili? Miaka arobaini kwa nyumba moja, na nikaanza kujiuliza kama huyu mtu nilikuwa namjua."

Kasha la kwaya halikuwepo tena. Mama Dolphine alikuwa amempa Jared, mwalimu wa kwaya ya kanisa, siku ya pili tu ya msiba, kwa mikono miwili. Siku moja kabla ya mazishi, asubuhi, Jared akarudi na kasha hilo kwenye bodaboda, jasho linamtoka.

"Mama, pole kwa kukusumbua. Hizi nyimbo zenu, tumengoja waanze kuimba, hawaimbi. Ni tarumbeta mpaka mwisho. Wazee wa kanisa wanauliza hii ni dhehebu gani."

Mama Dolphine alicheka kwa mara ya kwanza tangu afiwe. Kisha akalia. Jazi ilikuwa imekaa ndani ya majalada ya kwaya, na kwaya ndani ya majalada ya jazi. Lakini kwa nini? Na katika hizo hamsini na mbili, inayoruka ni ipi? Tangu siku ile Walter aliporudi nayo kutoka Sori, hakuwahi kuitazama tena. Aliijua kwa sikio tu, tena kutoka jikoni.

"Jared," akasema, "wewe cheza moja moja. Mimi naenda jikoni."

Ilikuwa ya kumi na tisa. Pa-raa, pa-raa, pa-raa.

Asubuhi ya mazishi akafika Abdurahman, mwenye duka la vifaa vya umeme Migori mjini, aliyekuwa akimuuzia Walter sindano za gramafoni. Yeye ndiye aliyefumbua nusu ya fumbo.

"Mama, unakumbuka ile harusi ya shemeji yako? Uliwaazima santuri kumi na mbili. Zilirudi na mafuta ya nyama na mikwaruzo, na ile ya mmishonari ikaanza kuruka. Walter aliniambia, mke wangu hawezi kumnyima mtu kitu. Lakini hakuna mtu ataazima kwaya apeleke kwa dansi."

Kumbe! Kasoro ile ilitoka kwake mwenyewe. Miaka kumi na mitano, na mume hakuwahi kumtajia. Mama Dolphine anasema aibu ilimshika, na hasira pia. Kwa nini hakumgombeza, yakaisha?

Kaburini, Jared aliunganisha gramafoni kwenye betri ya gari. Tarumbeta ikalia. Waombolezaji wakatazamana, wengine wakainamisha vichwa wakidhani ni sala. Ikafika katikati. Pa-raa, pa-raa, pa-raa.

"Walter, sindano!"

Ilimtoka yenyewe, wasikilizaji wapendwa, kwa sauti ileile ya jikoni. Hakuna aliyeamka. Ikaruka, ikaruka. Mwishowe Mama Dolphine akaiendea mwenyewe ile mashine ambayo hakuwahi kuigusa, akaisukuma sindano kwa kidole.

Walipomaliza kuzika, Abdurahman alimfuata, macho mekundu. "Mama, kuna jambo nililificha. Nilimtafutia nakala safi ya hiyo santuri, nikaipata Mombasa. Akaikataa. Akasema, hiyo safi haitamfanya Nyar Sori aniite."

Kwako Mama Dolphine, kwa watoto wako Beverly na Gordon, na kwa mafundi wote wa boti pale Sindo, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Mama bado ananiuliza kama ile ilikuwa hila au mapenzi. Ninyi mnaonisikia, lifikirieni jambo hilo jioni hii mkiwa nyumbani. Na kama kuna mtu anakuita kutoka jikoni kwa jambo dogo, usijifanye umelala. Itika.