Fundi Rangi Hapokei Simu

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la kinyozi: mbao mbili juu ya matofali, na chupa ya kahawa katikati ili kila mkono uifikie. Asubuhi ile tulikuwa wanne. Kinyozi, mwenye uwanja. Bwana Kanuni, dereva wa lori mstaafu, anayejua sheria zote isipokuwa zilizoandikwa. Fundi Rangi, mpole kupita kiasi. Na mimi, mshona viatu. Simu ya Fundi Rangi ikalia. Akaitazama, akailaza kifudifudi.

Kinyozi: Si upokee?

Fundi Rangi: Ni wale wa mkopo wa nyumba. Tangu nianguke kwenye ngazi nimechelewa miezi mitatu. Leo wamepiga mara tisa. Jana wakampigia mama mkwe. Mama mkwe, jamani! Wakamwambia mkwe wake ni tapeli.

Bwana Kanuni: Badilisha laini.

Fundi Rangi: Mke wangu atanipataje? Huko ng'ambo anakolea watoto wa watu hana simu yake. Anaazima, kila mara namba ngeni. Sasa kila namba ngeni naiogopa. Wiki tatu sijasikia sauti yake.

Mke wake aliondoka miaka miwili iliyopita kutafuta pesa, ili nyumba iishe kujengwa.

Kinyozi: Mimi ningeipaka nyumba rangi nyingine. Wakija, wanapotea.

Bwana Kanuni: Utoto huo. Ezua bati! Kisheria, nyumba isiyo na paa ni ukuta. Ukuta haupigwi mnada.

Mimi: Na mvua ikinyesha?

Bwana Kanuni: Mvua haina kesi na mtu.

Kinyozi: Basi tutangaze amefariki. Mimi kulia najua sana.

Fundi Rangi akacheka, kicheko kikamkatikia njiani.

Fundi Rangi: Jikoni nimepaka ile njano aliyoitaka. Kila Jumapili nafungua madirisha harufu itoke, akirudi asipige chafya. Sitaki kumshinda mtu. Nataka simu ikilia nifurahi, kama zamani.

Kulikuwa na mama mmoja anasubiri nimshonee kiatu, mguu mmoja peku juu ya kipande cha boksi. Hatukuwahi kumwona pale. Akakohoa.

Mama: Samahani, kaka zangu. Mimi niko ofisi ya msaada wa sheria, ghorofani pale juu ya duka la dawa. Kaka, deni ni lako na utalilipa. Lakini kumtangazia mama mkwe hawana ruhusa, wala kukutukana. Waandikie: kila neno lije kwa barua, kwako peke yako. Na nyumba haiuzwi kwa simu. Lazima wakupe notisi ya maandishi, na una siku za kujibu. Omba wakupangie malipo upya, eleza uliumia.

Bwana Kanuni: Ndiko nilikokuwa naelekea.

Niseme mapema msije mkakosa usingizi: barua ilifanya kazi. Mama mkwe hakupigiwa tena, na malipo yakapangwa upya, madogo madogo. Fundi Rangi akarudi kupaka, ingawa ngazi ndefu hazipandi.

Lakini asubuhi ile tulikuwa bado kwenye fomu ya kuomba msaada wa ofisi yake. Yule mama aliitoa kwenye mkoba, akaiweka juu ya goti, akaanza kumjazia.

— Nyumbani mnaishi wangapi?

— Wawili. Mimi na mke wangu.

— Si umesema yuko mbali?

— Yuko safarini tu.

— Anarudi lini?

Kinyozi akamtazama Bwana Kanuni. Bwana Kanuni akaanza kukagua kucha zake. Mimi nikavuta uzi ambao tayari ulikuwa umekaza.

Fundi Rangi aliinama juu ya ile karatasi, akaweka kidole kwenye mstari.

— Hapa paache wazi, dada, akasema. Pabaki nafasi ya kutosha tarehe.