Maua Yanayodondoka Kwenye Tovuti

Fundi wa magauni ya harusi alikuwa ameikodolea simu yake macho tangu basi lilipotoka stendi. Kwenye kioo, kiduara cha kusubiri kilizunguka tu. Kingefungwa kamba, kingechota maji kisimani. Asubuhi hiyo bibi harusi mmoja alikuwa achague gauni kwenye tovuti yake, na akishindwa kuyaona magauni ataenda kwa fundi mwingine.

"Tovuti hiyo umeijenga mwenyewe kwa kuburuta vipande vilivyo tayari, dada?" akauliza jirani yake wa kiti, ambaye tayari alikuwa amejitapa kwamba kazi yake ni kutengeneza tovuti.

"Kwa vidole vyangu, kaka. Maua yanadondoka, picha zinajigeuza zenyewe."

"Na umeihifadhi wapi?"

"Kwa wale wanaokodisha nafasi za tovuti kwa bei chee. Nafasi wanasema haina kikomo."

"Nafasi haina, nguvu inacho! Umepanga chumba kimoja na watu lukuki, halafu umeleta bendi. Toa maua."

"Nitoe maua kwenye harusi? Mbona ilipokuwa nzito niliiongezea programu ya kuiharakisha!"

"Ukaiweka wapi?"

"Humo humo."

"Yaani punda kaelemewa, nawe ukampakia mganga wake mgongoni!"

Abiria wa nyuma wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, lakini kwa kujibana, kama aliyevaa gauni alilolikosea vipimo mwenyewe.

Basi likafunga breki kituoni kwake na simu ikaita. Sauti ya bibi harusi ikasikika hadi kwa dereva: "Dada, limedondoka ua moja tu, zuri ajabu! Gauni linakuja lini kwenye kioo?"

"Umeona?" wakasema wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole, na mlango ukafunguka.