Mkunga na Kigari cha Pembeni

Ndugu, majirani, wafanyakazi wa hospitali mlioko kazini na mliostaafu, na ninyi mliokuja kwa sababu tu mliwahi kuusikia mngurumo wa pikipiki yake ukipita mtaani kwenu, familia imemwomba binti mkubwa wa marehemu awasomee maisha ya mama yake, naye ameyaandika kwa siku mbili kwenye meza ya jikoni, akifuta na kuandika upya, kwa hiyo mtakaposikia sauti inakwama mvumilieni, amechoka.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Ngurumo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya nne kutoka kwenye tangi la maji, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, baba yake akiwa fundi wa njia ya reli na mama yake akiwa mama wa nyumbani, na inasemekana alizaliwa miguu ikitangulia, jambo ambalo baadaye alilitumia kila alipotaka kumaliza ubishi na madaktari vijana, akiwaambia kwamba wao wameyasoma vitabuni, yeye ameyafanya mwenyewe.

Alianza shule ya msingi Januari 1957, akamaliza mwaka 1963, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1967, kisha akaingia chuo cha ukunga Januari 1968 na kuhitimu tarehe 4 Desemba 1970. Ripoti yake ya darasa la tano ingali kabatini, imeandikwa kwamba ana akili lakini hasikii la mtu, na walimu wawili waliofuata waliandika maneno yaleyale.

Aliajiriwa katika hospitali ya mji tarehe 2 Februari 1971, wodi ya wazazi, na mwaka 1973 hospitali ilipopata pikipiki moja ya kijani kwa ajili ya kuwafuata wajawazito majumbani, matroni aliwakusanya wakunga uani akauliza nani anajua kuendesha, marehemu akanyoosha mkono, ingawa hadi siku hiyo hakuwa amewahi hata kuegemea pikipiki, akajifunza kwa siku tatu nyuma ya jengo la kufulia, akaangusha kamba mbili za mashuka, na siku ya nne akaenda kumzalisha mama wa kwanza. Alikwenda nayo miaka kumi na mitano, mvua na jua, begi la kazi likiwa limefungwa nyuma kwa mpira, hadi mwaka 1988 hospitali ilipoletewa gari, pikipiki ikasukumwa palepale nyuma ya jengo la kufulia, naye akarudi wodini, ambako alifanya kazi hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2004.

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1974 na fundi cherehani aliyekuwa akishona sare za hospitali, ambaye alimfahamu kwa sababu ndani ya mwezi mmoja alimpelekea sare ileile mara tatu, imechanika goti, na mara ya tatu fundi akaiinua kwenye mwanga, akamtazama, akamuuliza, "Dada, huko kazini mnazalisha au mnapigana?" Marehemu alipenda kusema kwamba hakujibu, alicheka tu, na kwamba kicheko hicho kilimgharimu miaka arobaini na miwili ya kusikiliza mzaha.

Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa tarehe 21 Mei 1976, mwanawe wa kiume aliyezaliwa tarehe 8 Oktoba 1979, na mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka 1983 akaishi siku sita, ambaye marehemu hakukubali aachwe katika hesabu, hivyo naye tunamtaja.

Miezi saba baada ya kustaafu, tarehe 11 Februari 2005, mumewe alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa sababu ya kisukari, na mtu aliyekuwa akichekesha foleni nzima ya wateja akarudi nyumbani akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, akageuza kiti kikatazama ukuta, akakataa magongo, akakataa wageni, akafunga chumba cha cherehani na ufunguo akautia mfukoni. Marehemu alimwogesha, alimgeuza kitandani, alimvalisha, akampikia chakula ambacho hakikuguswa, na binti yake alipopiga simu kuuliza hali, jibu lilikuwa moja, "Tupo, mwanangu," akilitamka kama mtu aliyeweka mzigo chini kidogo kabla ya kuubeba tena.

Mwezi Septemba 2006 alikwenda hospitali kufuatilia faili lake la pensheni, akapita nyuma ya jengo la kufulia, akaiona pikipiki yake imelala ubavu, majani yametokeza kati ya spoki, tangi limeliwa na kutu, kiti hakipo. Mtunza stoo alipomwona ameinama juu yake alimwambia, "Mama, hiyo si pikipiki tena, hayo ni makumbusho," lakini kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye orodha ya vyuma chakavu alimsainia karatasi ya kuitoa, ikaletwa nyumbani kwa mkokoteni, marehemu akamwendea mumewe akanyoosha kiganja, na mumewe, pengine kwa kuchoka kubishana na mtu aliyemjua, akatoa ufunguo wa chumba cha cherehani.

Hapo ndipo watoto wake walipoanza kumwona ana wazimu, na leo hatutaficha. Alikuwa na miaka hamsini na saba, vidole vyake vimeanza kuvimba viungo, mgonjwa yumo ndani, naye kila siku mgonjwa akishakula mchana alijifungia saa mbili na lile dubwana, alitandika shuka sakafuni akapanga nati na bolti kwa safu kama anayejiandaa kuzalisha, kila kimoja akakiandika kwenye daftari, kimetoka wapi, kimekaaje, kina kasoro gani. Pistoni ilikuwa imeganda, akailowesha kwa dizeli wiki tano, akiigonga taratibu kwa kipande cha ubao, hadi siku iliposogea upana wa kucha, akaketi sakafuni akalia. Alisugua tangi kwa msasa, akanyoosha spoki moja baada ya nyingine, akazibua vitundu vya kabureta kwa sindano za mumewe, na alipochoka alijilaza palepale kwenye saruji, mikono kifuani, akisema kwa sauti, "Nimechoka," si kwa kumlalamikia yeyote, halafu akaamka akaendelea.

Mwaka wa pili ndipo alipotamka lengo lake, kwamba pikipiki haitarudi ilivyokuwa, itatengenezewa kigari cha pembeni, ubavu mmoja wa kigari ufunguke kama mlango hadi chini, kiti chake kilingane urefu na kiti cha dirishani, ili mtu wa mguu mmoja ateleze kutoka hapa hadi pale bila kubebwa kama mtoto. Jirani yetu mchomeleaji alikubali kuunda fremu, gurudumu la tatu likatoka kwenye skuta iliyokufa, na majaribio ya kwanza yaliharibika vibaya, kwa kuwa pikipiki ilivuta upande wa kigari kama mbuzi aliyeona majani, ikabidi vyuma vikatwe na kuchomelewa upya mara nne, na marehemu akaungua mkono kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Mumewe alipoelezwa kigari ni cha nani, alisema maneno machache kuliko yote aliyowahi kusema, "Mimi si gunia la mkaa."

Sehemu inayofuata binti mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea haya, aliomba isiachwe. Januari 2010 alikuja likizo, akaona jeraha la mama yake, akaona mashavu yaliyobonyea, akaamua kwamba pikipiki itamuua mama kabla ya ugonjwa kumuua baba, na asubuhi ya kuondoka aliingia chumba cha cherehani, akachukua kabureta, akaifunga kwa kanga, akaitia mkobani, akasafiri nayo mwendo wa saa tisa hadi kwake. Wiki iliyofuata mama yake alipiga simu, "Hukuona kitu cha chuma hivi, kama ngumi?" naye akajibu, "Sijaona, mama," na mama akasema, "Basi panya wa nyumba hii wamekuwa mafundi," akakata simu, na hakuuliza tena.

Kazi ikasimama miezi saba. Marehemu alilala mchana, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na mumewe, aliyekuwa amezoea kusikia msasa na nyundo kupitia ukutani, alikaa na ule ukimya wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwishowe akauliza, "Kazi yako imeishia wapi?" na mkewe akamjibu macho yakiwa yamefumba kwamba kuna kifaa kimepotea, na isitoshe kigari hakina kiti, na mshonaji anayemjua hapokei kazi. Siku ya pili mumewe aliomba magongo. Alikwenda hadi chumba cha cherehani, akaketi, akajaribu kukanyaga kwa mguu mmoja, uzi ukakatika, akatukana, akajaribu tena, na alipojipima kiuno na mapaja kwa futi yake mwenyewe alimwita mkewe aje kuandika vipimo, kwa sababu, alisema, mteja huyu ni msumbufu. Alishona kiti cha turubai la kijani, mishono miwili miwili, na ilimchukua miezi mitatu kwa kuwa kila alipokosea alifumua chote.

Agosti binti alishindwa kuendelea kubeba siri ile, akaja na kabureta kwenye mkoba uleule, akasimama mlangoni akiwa na maneno aliyoyakariri njia nzima, lakini kabla hajafungua mdomo mama yake akamwambia, "Weka pale mezani. Uliisafisha?" Akaanza kulia, akauliza, "Mama, ulijua?" Mama yake akamvutia kiti, akasema, "Nilijua siku ya tatu. Panya hawachagui kabureta wakaacha sabuni." Binti akamuuliza mbona basi hakumwambia airudishe, na marehemu akajikanda vidole, akasema, "Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Kuacha mwenyewe nisingeweza. Wewe ukanipa likizo." Binti hajapata tangu siku hiyo neno lililomuumiza na kumsamehe kwa pamoja namna ile.

Injini iliwaka Jumamosi tarehe 13 Novemba 2010, kwa kiki ya kumi na tisa, na moshi ukajaa uani hadi jirani akatoka na ndoo ya maji, na Jumamosi iliyofuata mumewe aliteleza kutoka kwenye kiti chake hadi kwenye kigari, akashika ubavu kwa mikono miwili, akalaumu breki, akalaumu barabara, akalaumu mwendo, hadi walipofika kwa kinyozi aliyekuwa hajamwona miaka mitano, kinyozi akatoka na mashine mkononi akapiga kelele, "Fundi! Sisi tulishakuzika!" naye akamjibu, "Mlinizika bila kuninyoa?" Watu waliokuwapo walicheka, lakini marehemu, kama alivyosimulia mwenyewe, hakucheka, alibaki amekaa kwenye pikipiki, kofia kichwani, akisikia kwa mara ya kwanza uzito wa miaka ile karibu sita ukimshuka mabegani.

Walitoka Jumamosi nyingi, hadi mumewe alipofariki tarehe 3 Mei 2016, na baada ya hapo pikipiki haikuwashwa. Mwanawe alitaka itunzwe, binti alitaka ipigwe rangi ikae sebuleni, wakabishana sana, na marehemu akawasikiliza hadi mwisho, kisha Machi 2019 akamwita mchomeleaji, ambaye mama yake alikuwa hawezi tena kutembea, akampa pikipiki pamoja na kigari na daftari, akatuambia, "Mimi nimemaliza. Msinitafutie kazi nyingine."

Mwaka 2021 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, madaktari wakagundua moyo wake haukuwa na nguvu ya kusukuma damu vizuri, akatibiwa nyumbani, akalazwa Machi 2023, akaruhusiwa, akalazwa tena tarehe 29 Oktoba 2024 katika hospitali aliyoitumikia, ambako aliwasumbua wauguzi kuhusu namna ya kukunja pembe za shuka hadi wakazikunja anavyotaka. Jumanne tarehe 12 Novemba binti yake alikuwa amekaa naye tangu alfajiri, na mchana marehemu alifumbua macho, akamtazama, akamwambia, "Una njaa wewe. Nenda kale kwanza." Binti akakataa, mama akarudia, kwa sauti ile ya wodini ambayo haijawahi kukataliwa na mtu, basi akaenda, akala, kwa kweli alikuwa na njaa, na aliporudi saa tisa na dakika ishirini muuguzi alikuwa anavuta pazia.

Ameacha watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, waliomvumilia mgonjwa aliyejua kazi yao kiasi cha kuwakosesha raha, inawashukuru wakunga wenzake waliomwosha kwa mikono yao, majirani waliopika na kuchota maji bila kuitwa, mchomeleaji, kinyozi, na kila aliyempigia simu akasikia "Tupo" akaelewa kwamba lile halikuwa jibu, akaja kugonga mlango. Hatuwezi kumtaja kila mmoja.

Mama, kazi zote zimefanywa, mashuka yamekunjwa, hakuna mtu anayekusubiri umgeuze. Lala. Pumzika sana.